Mtu wa Kiti cha Mbele

Daktari Kioko alianza na mikono.

"Itazame vizuri, Inspekta," alisema, huku akiikunja shuka hadi kiunoni mwa maiti ya Mwaringa, abiria wa kiti cha mbele. "Vidole gumba vyote viwili vimevunjika. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, cha kushoto kimeteguka. Sasa njoo huku."

Inspekta Jedida Ngumbao, wa idara ya upelelezi Malindi, alimfuata hadi meza ya pili. Hapo alilala mwanamume wa miaka hamsini na minane, mvi zimekatwa fupi, uso umetulia kama wa mtu aliyejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana.

"Huyu ndiye rubani, na mikono yake haina hata mchubuko."

"Maana yake?"

"Maana yake ndege ilipogonga tuta, yeye hakuwa ameshika usukani. Usukani hurudi nyuma kwa nguvu, na anayeushikilia ndiye anayevunjika vidole gumba."

"Hilo halimsaidii Mwaringa," Jedida alisema. "Ndilo hasa wanalolisema watu, kwamba alimnyang'anya rubani usukani."

"Subiri." Daktari alionyesha alama pana iliyokatisha kifua cha rubani kutoka begani. "Huu ni mkanda wa kiti. Umembana mpaka ngozi imechunika, lakini chini yake damu haikuvilia. Maiti haivilii damu. Moyo wa kapteni ulikuwa umesimama kabla ndege haijafika chini. Nimeufungua, mishipa yake imeziba. Alikuwa anatembea na kifo chake muda mrefu."

"Kabla kwa dakika ngapi?"

"Siwezi kuapa mahakamani. Kumi, pengine na zaidi."

"Na mikwaruzo ya shingoni? Mashahidi wanne wamesema Mwaringa alimkaba."

"Ni mikwaruzo miwili ya kucha, hapa kwenye ukosi. Shati lake lilikuwa limeng'oka vifungo viwili vya juu, na tai imelegezwa. Ungekuwa unamkaba mtu, Inspekta, ungehangaika kumfungua vifungo?"

Jedida aliandika. Kalamu ilikwama kidogo kwenye karatasi iliyolowa jasho la kiganja chake.

"Majibu ya mkemia yamekuja pia," daktari aliendelea. "Damu ya Mwaringa haina pombe. Haina chochote."

"Basi alikufa kwa kugonga?"

Daktari Kioko alirudi kwenye meza ya kwanza, akaiweka sawa shuka ambayo tayari ilikuwa sawa.

"Hakugonga popote pa kumuua. Mapafu yake yamejaa maji ya chumvi. Mguu wa kushoto ulibanwa chini ya pedeli na pua ya ndege ikazama polepole kwenye tope. Kucha zake zina ngozi yake mwenyewe, ngozi ya mguu ule. Alikuwa hai, na alikuwa na fahamu. Alizama akiwa anajitoa."

* * *

Siku nane zilikuwa zimepita tangu ndege ndogo ya kampuni ya Pepea iondoke Nairobi asubuhi ikiwa na abiria tisa na rubani mmoja. Ilitarajiwa Malindi saa nne. Waliokuwa uwanjani waliiona ikija, ikiyumba, kisha ikaupita uwanja bila neno lolote kwenye redio, ikaelekea kaskazini. Robo saa baadaye ilikuwa ndani ya majaruba ya chumvi, upande wa Magarini. Abiria wanane walitoka wazima, wengine na majeraha. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa Kapteni Phineas Gachanja, na wa pili Mwaringa Dena, dereva wa mitambo katika mashamba hayohayo ya chumvi. Kampuni yake ilikuwa imempeleka Nairobi kujifunza mtambo mpya, na siku hiyo alikuwa akirudi kazini. Kwa kuwa ndege ilikuwa imejaa, alipewa kiti cha mbele, kando ya rubani.

Siku ya pili tu magazeti yalikuwa yameshamaliza kesi. Mtu wa bara ya Vitengeni, hajawahi kupanda ndege, kapandwa na wazimu angani, kamrukia rubani. Taarifa iliyobeba mzigo wote huo ilikuwa ya abiria mmoja, Viola Wangu, miaka ishirini na sita, aliyekaa nyuma ya rubani kabisa. Waliokaa nyuma zaidi walikuwa wameona migongo, mikono na mivutano. Walipoulizwa, kila mmoja alimalizia kwa maneno ya Viola, kana kwamba macho yake ndiyo yalikuwa ya wote.

Jedida alikuwa bado kwenye ujia wa mochari simu ilipolia. Alikuwa Japheth Thuku, meneja wa Pepea.

"Inspekta, habari za leo. Nilitaka kujua ripoti itatoka lini. Familia ya kapteni inataka kuzika."

"Familia gani, Bwana Thuku? Mimi sijamwona jamaa yake hata mmoja ofisini kwangu."

"Wapo," Thuku alisema. "Watu wa mbali, unajua. Watakuja."

"Kapteni alipimwa afya mara ya mwisho lini?"

"Hilo liko kwenye faili."

"Niletee hilo faili, leo."

* * *

Jua lilikuwa kali walipofika kwenye majaruba. Konstebo Tsuma aliegesha gari penye kivuli pekee kilichokuwapo, kivuli cha ghala la chumvi. Mbele yao maji yalikuwa yamelala katika miraba mikubwa, kila mraba na tuta lake la udongo, mpaka upeo wa macho.

Kadzo, mfanyakazi wa zamu aliyefika wa kwanza kwenye ndege siku ile, alikuwa anawangoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miguu imepauka kwa chumvi.

"Shikamoo, mama," Jedida alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mumekuja tena?"

"Tumekuja tena. Leo nataka unionyeshe polepole. Iligusa maji wapi?"

Kadzo alitembea juu ya tuta, nao wakamfuata. Alinyoosha mkono. "Ilianzia kule kwenye bomba. Ikaja hivi, imenyooka, maji yanaruka huku na huku. Ikaja, ikaja, mpaka hapa. Ndipo ikaligonga tuta ikainamisha kichwa."

Jedida alitazama alikoonyesha yule mama, kisha pale ndege ilipoishia. Mtaro wa magurudumu bado ulionekana chini ya maji, mistari miwili sambamba, katikati kabisa ya jaruba.

"Tsuma, hapa pana mita ngapi?"

"Mia nne na ushei, afande. Ndilo jaruba refu kuliko yote. Hayo mengine hayafiki hata nusu."

"Na kina?"

"Cha magoti," Kadzo alijibu. "Hili ndilo la maji ya kwanza, yanayotoka baharini kabla hayajaanza kuganda. Chini ni tope laini, halina jiwe. Mwaringa mwenyewe ndiye aliyelichonga na greda, mwezi wa nne. Alikaa humu wiki tatu, mpaka tukamtania aoe humu."

Aliposema hivyo aligeuka upande, akajifuta uso kwa mkono wenye chumvi, na macho yakazidi kumwasha.

Jedida alisimama palepale muda mrefu. Mtu mwenye wazimu hachagui. Aliyekuja na chuma kile hapa alikuwa ameiacha Malindi na mji wake na nyumba zake, akayapita majaruba mafupi, akalitafuta refu, laini, lisilo jiwe. Kisha akaingia kwa urefu wake, katikati. Angeingia kwa upana, wasingetoka watu wanane.

"Mama, ulipofika hapa uliona nini kwanza?"

"Niliona watu wamekaa juu ya tuta, wanalia. Mlango wa nyuma umefunguka. Na yule rubani amelazwa pale, kafunikwa uso kwa leso."

"Mlimtoa nyinyi?"

"Sisi? Hata. Tulimkuta ashatolewa. Sisi tulimtoa Mwaringa, na hapo alikuwa..." Aliinua kiganja juu ya kichwa chake. "Maji yalikuwa yameshampita kichwa."

"Nani alimtoa rubani?"

"Niliuliza, mwanangu. Hakuna aliyenijibu."

Leso hiyo Jedida alikuwa nayo kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa nyekundu, yenye maua ya korosho pembeni, na ilikuwa imekabidhiwa polisi kama mali ya abiria asiyejulikana. Alikuwa ameitazama mara mbili bila kuiona. Sasa aliitoa kwenye gari, akaikunjua. Haikuwa leso nzima. Upande mmoja ulikuwa umekatwa ovyo, nyuzi zinaning'inia, na maandishi yake yameishia katikati ya neno.

"Twende kwenye mabaki," alimwambia Tsuma.

Mabaki ya ndege yalikuwa yamevutwa hadi ndani ya ghala. Wataalamu wa ajali kutoka Nairobi walikuwa wameshachukua injini na vyombo vyao, wakayaacha mengine. Jedida aliingia kwa mlango wa nyuma, akapita katikati ya viti akiwa ameinama. Madirisha yote ya ubavuni yalikuwa mazima. Kioo kilichopasuka kilikuwa kimoja tu, cha mbele, na vipande vyake vilikuwa vimejaa chumbani mwa rubani.

Alipiga magoti nyuma ya kiti cha rubani, akawasha tochi. Kati ya mgongo wa kiti na chuma chake palikuwa na kitambaa kilichokauka kwa chumvi, kigumu kama kadi. Kilikuwa chekundu, na kilikuwa kimefungwa fundo mara tatu.

"Tsuma, piga picha kwanza kabla sijakigusa."

Walipoviweka vipande viwili pamoja juu ya boneti ya gari, lile neno lililokatika lilikamilika.

"Kwa hivyo rubani alifungwa kwenye kiti," Tsuma alisema.

"Ndiyo, ili asiuangukie usukani. Na fundo liko nyuma ya kiti. Mwaringa alikuwa kando yake, ameshika usukani kwa mikono miwili, asingeweza kulifunga pale. Nani alikaa nyuma ya rubani?"

"Viola Wangu."

"Na katika taarifa yake alisema viganja vyake vilikatwa na nini?"

Tsuma alifungua faili. "Kioo, wakati akitoka."

"Wote walitoka kwa mlango wa nyuma. Huko nyuma hakuna kioo kilichovunjika."

Konstebo alimtazama. Jedida alikuwa tayari anapiga simu mochari. Mhudumu alipokea, akasalimu.

"Niangalizie daftari la wageni," Jedida alimwambia. "Kapteni Gachanja amekuja kuonwa na nani?"

"Hata sihitaji daftari, Inspekta. Ni binti yake. Huja kila asubuhi, hukaa nje pale kwenye benchi. Maskini, mikono yote imefungwa bandeji."

* * *

Viola alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya wageni ya kanisa, mjini Malindi. Walimkuta barazani, amekaa na kikombe cha chai ambacho kilikuwa kimeshaweka utando juu. Alikuwa msichana mwembamba, nywele zimefungwa nyuma kwa haraka. Alipoliona gari la polisi hakuinuka.

"Pole na msiba," Jedida alisema, akaketi.

"Asante, madam."

"Leo nakupa pole ya pili. Ya kwanza niliitoa kwa abiria. Hii ni ya mtu aliyefiwa na baba."

Kikombe kiligonga kisahani. Viola alikiweka chini kwa mikono miwili iliyofungwa.

"Sikudanganya jina. Mimi ni Viola Wangu."

"Viola Wangu Gachanja. Uliacha moja. Bwana Thuku alijua?"

"Alijua. Aliniambia haina haja ya kuwachanganya."

Jedida aliweka juu ya meza vile vipande viwili vya leso, kila kimoja ndani ya mfuko wake. Ng'ambo ya ua mwanamke alikuwa anafagia.

"Ni ya mama yangu," Viola alisema mwishowe. "Alituachia mimi na baba. Tulikuwa tunasafiri nayo."

"Ulimfunga nayo."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia umfunge?"

"Yule mtu."

"Mwaringa. Ana jina."

"Mwaringa." Alilitamka kama anayeonja kitu. "Baba alizirai mwezi wa tatu, bafuni. Akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema wakijua watamnyang'anya leseni, na bila kurusha ndege yeye ni nani? Nikanyamaza. Lakini nikawa naogopa, nikaomba nisafiri naye safari hii, na aliniahidi tukirudi ataenda kwa daktari. Nilikaa nyuma yake ili nimwangalie. Nilimwangalia, madam. Nilikuwa naangalia shingo yake njia nzima."

"Ilikuwaje?"

"Tulikuwa tumeshaanza kushuka. Akasema, 'Viola, maji,' basi. Akaangukia usukani. Ndege ikainama, watu wakapiga kelele. Mwaringa akamshika shingoni na begani akamvuta nyuma, akamlegeza tai, akampiga makofi, akamwita, 'Kapteni! Kapteni!' Kisha akaniambia, 'Dada, una kitambaa? Mfunge, mimi nishike hapa.' Nikafunga. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikafunga mara tatu."

"Alijua kurusha ndege?"

"Hapana. Ila baba alikuwa amemweleza tangu Nairobi. Mwaringa aliuliza kila kitu, hiki ni nini, kile ni cha nini, na baba alipenda kufundisha. Walikuwa wanacheka." Hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, machozi yakishuka mpaka kidevuni. "Alivaa vile vya masikioni vya baba, akaita, hakuna aliyejibu. Nadhani hakujua abonyeze wapi. Tukauona uwanja, na mji uko palepale. Akasema, 'Nikikosea hapa nitaua watu. Najua mahali.' Akatuambia tuinamishe vichwa."

Tsuma alikuwa ameacha kuandika. Jedida alimgusa kiwiko, akaendelea.

"Ndege ikagonga tuta, ikasimama," Jedida alisema. "Wenzako wakatoka kwa mlango wa nyuma. Wewe ulikwenda mbele."

"Nilikwenda kwa baba."

"Ukaikata leso kwa kipande cha kioo."

"Ndiyo."

"Mwaringa alikuwa wapi?"

Viola aliinua macho. Yalikuwa mekundu, na hayakuwa yakimtazama mtu.

"Alikuwa palepale. Alikuwa ananiambia, 'Dada, mguu wangu. Nivutie mguu wangu.' Hakupiga kelele. Aliniambia taratibu, kama mtu anayeomba apishwe. Maji yalikuwa hapa," akaonyesha kiunoni. "Nikamwambia, 'Nakuja. Nimtoe baba kwanza.' Nikamtoa baba. Alikuwa mzito. Nilimvuta mpaka juu ya tuta, nikambonyeza kifua, nikampulizia. Nilijua kwamba... mikono yake ilikuwa imeshaanza kupoa, madam, nilijua. Lakini nikaendelea kubonyeza. Niliposimama nikageuka, pua ya ndege ilikuwa imezama."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

Mwanamke wa ufagio alikuwa ameingia ndani.

"Ndipo ukasema alikuwa mwendawazimu," Jedida alisema.

"Mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa askari mmoja pale tutani. Aliniuliza, 'Yule wa mbele alifanya nini?' Nikasema, alimshika baba... alimshika rubani shingoni. Hilo lilikuwa kweli. Akaniuliza, 'Alimkaba?' Nikasema ndiyo." Aliificha mikono yake iliyofungwa mapajani. "Angekuwa mtu mbaya, basi nisingekuwa nimemwacha mtu. Unaelewa? Na baba angebaki na jina lake."

Jedida alielewa. Hakumwambia. Alimgeuzia Tsuma kichwa, na konstebo akasogeza karatasi mpya.

"Utaandikisha taarifa upya, neno kwa neno. Kutoa taarifa ya uongo ni kosa, na mwendesha mashtaka ataamua. Faili la afya la baba yako nitalifuata kwa Bwana Thuku mwenyewe. Kwa sasa maiti zote mbili nimeziruhusu zizikwe."

Iliwachukua saa moja na nusu. Viola alitia sahihi kwa shida, kalamu ikiwa imebanwa kati ya vidole viwili.

"Huyo Mwaringa," alisema akiirudisha, "ana mke?"

"Anaye. Yuko Vitengeni. Naenda kwake sasa hivi."

"Nipeleke."

"Hapana."

"Madam, nipeleke. Ukimwambia wewe, itakuwa taarifa ya polisi."

Haikuwa utaratibu. Jedida alikuwa na miaka kumi na saba kazini na alijua kila sababu ya kukataa. Alimtazama Tsuma, naye akayatazama matairi ya gari.

"Utabaki garini," Jedida alisema, "mpaka mwenyewe atakapotaka kukuona. Asipotaka, tutarudi nawe vilevile."

* * *

Nyumba ya Mwaringa ilikuwa mwisho wa njia, bati jipya juu ya kuta za udongo. Mikeka miwili ilikuwa imetandikwa uani kwa ajili ya watu wa msiba, na juu yake hapakuwa na mtu. Mbeyu, mjane wake, alikuwa amekaa peke yake mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa cheupe kichwani. Mkwewe wa kike alikuwa ndani, walimsikia akikohoa.

"Hodi hapa."

"Karibu." Mbeyu alimtazama Jedida, kisha gari lililosimama mbali kidogo. "Umekuja kuniuliza tena kama alikuwa akivuta bangi?"

"Hapana, dada. Nimekuja kukuambia alichokifanya."

Jedida alikaa mkekani. Alimweleza kwa Kigiriama, polepole, kama alivyokuwa ameelezwa jambo lile: moyo wa rubani, leso, usukani, mji ulioepukwa, jaruba la mwezi wa nne. Mbeyu hakulia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa katika kila hatua, kama anayesikia habari za safari aliyotarajia. Jedida alipofika kwenye wale watu wanane alisita.

"Kuna na lililobaki," alisema. "Ningeweza kukuficha, lakini litasomwa mahakamani, na sitaki ulisikie huko."

"Niambie."

Alimwambia.

Kuku alipita juu ya mkeka mtupu, akadonoa, akaenda zake.

"Maji yalikuwa mengi?" Mbeyu aliuliza.

"Ya magoti. Ni ile pua ya ndege iliyozama."

"Ya magoti." Mbeyu alinyanyua uso kuutazama mlango nyuma yake. "Mwaringa huyu alikuwa akiinama kuingia hapa. Kila siku aliinama. Nikamwambia tuupandishe mlango, akasema tukipata nafasi. Maji ya magoti, Mulungu wangu."

Alijikunja, akaweka paji la uso juu ya mapaja, na sauti iliyotoka haikuwa kilio cha msiba ambacho majirani wakikisikia huja. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeumia mahali. Mkwewe alitoka, akashika ukuta, akamwekea mkono mgongoni. Jedida alibaki palepale alipokaa. Hakuna kifungu cha sheria kilichosema inspekta afanye nini hapo.

Baadaye sana Mbeyu alijifuta uso kwa kitambaa.

"Yule garini ni nani?"

"Ndiye huyo msichana. Ameomba kuja. Ukitaka aondoke, ataondoka sasa hivi."

Mbeyu aliinuka. Alivuka ua bila viatu, mpaka kwenye gari, akasimama kando ya dirisha. Viola alifungua mlango akashuka, na miguu ilipogusa ardhi alipiga magoti mchangani.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Inuka."

"Nilimwacha."

"Nimeshasikia. Sijui kama nitakusamehe. Leo sijui." Sauti ya Mbeyu ilikuwa kavu. "Baba yako umeshamzika?"

"Bado."

"Na mimi bado. Inuka, usichafue hizo bandeji."

Alimtazama akiinuka kwa shida, asiyeweza kujitegemeza kwa viganja. Hakumpa mkono. Lakini alisubiri mpaka akasimama, kisha akageuka, akatangulia, na Viola akamfuata mpaka kwenye mkeka.

"Kaa hapo," Mbeyu alisema, akaketi mbele yake. "Mume wangu aliondoka hapa Jumatatu. Alinipigia simu siku ya nne, akaniambia kesho napanda ndege, Mbeyu, nitapita juu yako, toka nje utazame. Nilitoka. Nilitazama mpaka shingo ikauma, sikuona kitu. Wewe ulikuwa naye. Nataka unieleze tangu alipoingia mpaka mwisho. Usiache hata neno moja."

Viola alitazama mikono yake.

"Alikuwa wa mwisho kupanda," alianza. "Aligonga kichwa mlangoni, akacheka, akatuomba radhi sote. Alikuwa amevaa shati la bluu lililopigwa pasi. Alipoambiwa akae mbele, alimuuliza baba kama ni kweli, akamuuliza mara mbili. Tulipoingia mawinguni akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha pale. Akamuuliza baba kama mawingu yana baridi."

Mbeyu aliziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mabega yake yalitikisika, na Jedida, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kilio.

"Baba yako akamjibuje?"

"Akamwambia yana maji tu, ungetoa mkono ungelowa."

Mbeyu alitikisa kichwa polepole, macho yake yakiwa juu, mahali ambapo siku ile hakuona kitu.

"Endelea," alisema.